Mkazo Hukaa Wapi? Kitenzi cha Kiitaliano na cha Kiswahili

Msomaji wa Kiswahili anayeshika ukurasa wa Kiitaliano kwa mara ya kwanza huona raha ambayo Mwingereza haioni. Maneno karibu yote yanaishia kwa irabu. Irabu zenyewe zinasomeka takriban kama alivyozizoea, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili toka mwisho, palepale unapoangukia kwetu. Akisoma amico, lavoro, domani au finestra, hakosei. Raha hiyo hudumu mpaka afike kwenye vitenzi. Anakutana na telefonano, analisoma telefonáno bila wasiwasi, na Mwitaliano aliye karibu anakunja uso. Neno hilo, lenye maana ya “wanapiga simu”, hutamkwa teléfonano. Mkazo uko silabi ya nne toka mwisho, na silabi tatu zinafuata nyuma mbiombio.

Waitaliano wameyapa maneno majina kufuatana na mahali mkazo unapokaa. Lenye mkazo mwishoni kabisa ni tronca, lililokatwa. La silabi ya pili toka mwisho ni piana, tambarare. La tatu ni sdrucciola, la kuteleza, na la nne ni bisdrucciola, la kuteleza mara mbili. Mwanasarufi wa Kiswahili sanifu hana haja ya orodha kama hiyo. Kwetu karibu kila neno ni tambarare, na yale machache yasiyotii huhesabika. Mfano tunaoutaja wote ni barabára ya kupita magari na barábara ya kukubali kwamba mambo yako sawa. Baada ya hapo mwalimu hutafuta mfano wa pili kwa shida.

Kwa Mwitaliano jozi za namna hiyo ni jambo la kila siku, hasa katika vitenzi. Parlo ni “ninasema”. Parlò ni “alisema”. Herufi ni zilezile, lakini nafsi imebadilika na njeo imebadilika, na kazi yote hiyo imefanywa na mkazo. Pérdono ni “wanapoteza”, perdóno ni “ninasamehe”, perdonò ni “alisamehe”. Cápitano ni “yanatokea”, capitáno ni nahodha, na capitanò ni “aliongoza”. Tahajia ya Kiitaliano huonyesha mkazo ulioko mwisho wa neno tu, kama katika parlò. Alama nyingine zote katika makala haya nimeziweka mimi, za aina moja, ili msomaji aone pa kukazia. Gazeti la Roma au la Milano haliziweki. Linamwachia msomaji atambue mwenyewe kama capitano iliyo mbele yake ni mtu au ni kitenzi.

Tofauti hii inaanzia kwenye umbo la kitenzi chenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hutangulizwa habari zake: ni-na-sema, a-li-sema, wa-ta-sema. Aliyefanya na wakati alipofanya vimekwisha kutajwa kabla mzizi haujasikika. Kitenzi cha Kiitaliano hufanya kinyume. Mzizi huja kwanza, kisha nafsi na njeo hubanwa pamoja mkiani, mara nyingi ndani ya irabu moja: parl-o, parl-i, parl-a. Mkia ukiwa mfupi hivyo, na o ikiwa imebeba mambo mawili au matatu, lugha inahitaji msaada wa kutenganisha. Sisi tumeupa mkazo kazi ya kutaarifu kwamba neno linakaribia kwisha. Wao wameutwika sehemu ya sarufi.

Asili yake ni Kilatini. Katika Kilatini mkazo ulifuata uzito: silabi ya pili toka mwisho ikiwa nzito, yaani yenye irabu ndefu au iliyofungwa na konsonanti, mkazo ulikaa hapo, ikiwa nyepesi, ulirudi nyuma hatua moja. Kwa hiyo Mrumi hakuhitaji kukariri mkazo, alihitaji kujua urefu wa irabu zake. Baadaye urefu huo ukapotea katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, lakini mkazo ukabaki ulikokuwa. Matokeo yake yanaonekana katika vitenzi vya kundi la -ere, ambavyo kwa maandishi vinafanana na kwa sauti havifanani. Vedére, “kuona”, kina mkazo kwenye kiambishi kwa sababu Kilatini kilikuwa na e ndefu pale. Scrívere, “kuandika”, kina mkazo kwenye mzizi kwa sababu e ile ilikuwa fupi. Na nasaba yenyewe haikuheshimiwa siku zote. Sapére na cadére vilipaswa kuwa na mkazo kwenye mzizi vikahama. Rídere, rispóndere na muóvere vikahama upande wa pili.

Ndugu zao walitafuta njia nyingine. Kihispania kilifuta tofauti hiyo kabisa: Mwitaliano anasema véndere na léggere, Mhispania anasema vendér na leér, na kila kitenzi-jina chake kina mkazo mwishoni. Kifaransa kiliuhifadhi mkazo wa zamani kikaimeza irabu iliyoufuata, tukapata vendre. Kiitaliano peke yake kati ya hao watatu kimehifadhi mtelezo wenyewe, silabi zote zikiwa kamili.

Ugumu haukomi kwenye -ere. Chukua abitare, “kuishi mahali”, na invitare, “kualika”. Vyote vina mwisho uleule, -itare, na vyote katika umbo hilo vina mkazo kwenye a. Vinyambue: ábita, “anaishi”, lakini invíta, “anaalika”. Hakuna kitu katika abitare kinachokudokeza hivyo. Waitaliano wenyewe hubishana. Kitenzi evaporare, “kufuka mvuke”, wakali wa lugha hutaka kisomwe evapóra, ilhali wengi mitaani husema evápora. Shirika la utangazaji la taifa, RAI, lilichapisha mwaka 1969 kamusi kubwa ya tahajia na matamshi, iliyoandaliwa na Bruno Migliorini, Carlo Tagliavini na Piero Fiorelli. Taifa linalotengeneza kamusi ya namna hiyo linakiri kwamba mkazo ni jambo la kujifunza, hata kwa mzawa. Mtangazaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisoma habari huwa na shida ya majina ya wageni. Ya mkazo wa vitenzi vyake hana.

Mpaka hapa mtu angeweza kudhani kwamba kitenzi chetu ni chepesi na chao ni kizito, na makala yakaishia hapo. Lakini kuna mahali ambapo lugha hizi mbili, bila kujuana, zimefanya jambo moja.

Tazama kitenzi “kutoka” katika Kiitaliano: esco, esci, esce, usciamo, uscite, escono. Mzizi ni esc- katika nafsi nne na usc- katika mbili. “Kufa” ni muore kwa yeye na moriamo kwa sisi. “Kupaswa” ni devo kwa mimi na dobbiamo kwa sisi. Hata “kwenda”, ambacho kimeunganisha vitenzi viwili vya asili tofauti, kimegawa mali kwa utaratibu huohuo: vado, vai, va, vanno upande mmoja, andiamo na andate upande wa pili. Mpaka kati ya pande hizo ni mkazo. Mkazo ukiwa juu ya mzizi, mzizi huwa na umbo moja. Ukishuka kwenye kiambishi, mzizi huchukua umbo jingine. Anayekariri haya kama vighairi anajitesa bure, kwa sababu mkunjo ni mmoja.

Sasa tazama finire, “kumaliza”: finisco, finisci, finisce, finiamo, finite, finiscono. Kile kipande -isc- kinajitokeza katika nafsi zilezile nne ambamo esco na muore zina mkazo kwenye mzizi. Katika Kilatini kipande hicho kilikuwa na maana. Kilionyesha jambo linaloanza, kama maua yanapoanza kuchanua. Katika Kiitaliano cha leo hakina maana yoyote. Finisco ni “ninamaliza” tu. Kilichobaki ni kazi: kuupokea mkazo ili usianguke juu ya mzizi. Kwa njia hiyo fin- hukaa umbo moja nafsi zote sita, salama, bila kuvurugwa kama esc- na usc-.

Je, sisi hatuna kitu kama hicho? Tunacho, na tunakitumia kila tukila. Kiambishi ku- katika anakula, amekuja, atakunywa, walikufa hakina maana pale kilipo. Kwa kitenzi soma tunasema anasoma, si anakusoma. Mbona basi hatusemi anala? Maelezo ya wanasarufi ni kwamba mzizi wa -la una silabi moja. Ungeunganishwa moja kwa moja na -na-, mkazo ungeangukia -na-, na viambishi vya njeo kama -na-, -me-, -li- na -ta- havikubali kukaziwa. Kwa hiyo ku- huwekwa katikati iwe kigoda cha mkazo: anakúla. Ushahidi uko upande wa pili. Viambishi vinavyokubali mkazo havihitaji kigoda: akála, akíla, hajála. Kiambishi cha mtendwa nacho kinakubali, ndiyo maana chakula hicho nimekíla. Hata amri inaonja kanuni hii: hatumwambii mtu “La!” tukitaka ale, tunamwambia “Kula!”.

Kwenda na kwisha vinathibitisha jambo hili kwa njia yao. Mizizi -enda na -isha ina silabi mbili, haina haja ya kigoda, na ndiyo maana watu wengi leo husema anaenda na inaisha bila kusikika wageni. Hakuna anayesema “anala” kwa urahisi huo.

Kufanana huku kusipitilizwe. Kipande -isc- huulinda mzizi usikaziwe. Ku- hukilinda kiambishi cha njeo kisikaziwe. Kimoja ni masalio ya maana iliyokufa, kingine ni kiambishi cha kitenzi-jina kilichohamia ndani ya kitenzi kinachotumika. Lakini katika lugha zote mbili mofimu moja imeingia katika kitenzi kwa ajili ya sauti, si kwa ajili ya maana, na katika zote mbili msemaji wa kawaida hajui kwamba ipo.

Wakati wa kurefusha neno tunaachana tena, na safari hii kabisa. Kiitaliano huweza kubandika viwakilishi nyuma ya amri, na mkazo hautikisiki. Mánda ni “tuma”. Mándami ni “nitumie”, mándamelo ni “nitumie hicho”. Walimu wa sarufi wanapenda kufikisha jambo hili kileleni kwa neno fábbricamicelo, “nitengenezee hicho humo”, ambalo mkazo wake uko silabi ya sita toka mwisho. Mtu hukutana nalo vitabuni zaidi kuliko sokoni, lakini ni Kiitaliano halali. Kwetu mkazo hufuata mkia popote uendapo: píga, pigía, pigiána, pigianísha. Unaséma, ukiongezewa -je la kuuliza, huwa unasemáje. Mkazo wa Kiswahili umeshika mahali na mzizi ndio unaoachwa nyuma. Mkazo wa Kiitaliano umeshika silabi yake na mahali ndipo panapobadilika. Hata hivyo Italia si moja. Katika lugha ya Napoli vijineno viwili vikifuatana nyuma ya kitenzi, mkazo husikika pia kwenye kile cha kwanza, yaani silabi ya pili toka mwisho. Mswahili angesikia kitu anachokifahamu.

Kuhusu ukataji wa silabi nitapita upesi, kwa kuwa kanuni zake ni chache. Konsonanti moja huenda na irabu inayofuata: ve-de-re. Konsonanti pacha hugawanywa: leg-ge-re, met-te-re. L, m, n na r zikitangulia konsonanti nyingine hufunga silabi ya nyuma: par-la-re, can-ta-re. Lakini s huruka mbele, hivyo “kubaki” hukatwa re-sta-re, ingawa wataalamu wengi wa fonolojia husema sikio linaisikia s ikiifunga silabi ya kwanza. Msomaji wa Kiswahili hukwama mahali pawili. Pa kwanza ni mangia, “anakula”. Sisi tungeisoma man-gi-a, silabi tatu, lakini ile i ni ya kulainisha g tu, na neno ni man-gia. Pa pili ni pacha m. Parleremo ni “tutasema” na parleremmo ni “tungesema”. M moja ikiongezeka, ahadi inageuka sharti. Kwetu mm ipo katika mmoja na mmea, lakini m ile ya kwanza ni silabi yenyewe, imesimama kwa miguu yake, haimfungi yeyote.

Hapo kwenye mwisho wa neno kuna udugu wa kushangaza kidogo. Kilatini kilimaliza nafsi ya tatu wingi kwa -nt. Kiitaliano, kisichopenda neno liishie kwa konsonanti, kiliidondosha t na kuongeza o, tukapata parlano, ambapo Kihispania kilitosheka na hablan. Sisi tulifanya hivyo kwa daftari, hospitali na benki. Tofauti ni kwamba irabu yetu mpya iliusogeza mkazo: dáftar ya Mwarabu imekuwa daftári. Irabu mpya ya Waitaliano haikuusogeza, na hapo ndipo ulipozaliwa mtelezo wa párlano na teléfonano tulioanza nao.

Washairi wa pande zote mbili walijenga juu ya misingi hii, kila mmoja kwa kanuni yake. Mstari mkuu wa Kiitaliano, ule wa Dante, huitwa wa silabi kumi na moja, lakini jina hilo linapotosha. Kinachohesabiwa ni mkazo wa mwisho, ambao lazima uwe kwenye silabi ya kumi. Neno la mwisho likiwa tronca mstari una silabi kumi, likiwa sdrucciola una kumi na mbili, na mistari yote mitatu ni sawa. Irabu mbili zikikutana kati ya maneno huhesabiwa moja. Mshairi wa Kiswahili hasamehi namna hiyo. Mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane na nane. “Kaa” ni mizani miwili, na m ya “mtu” inalipwa mzani wake kamili. Kanuni hizo Amri Abedi alizipanga katika kitabu chake cha 1954, na mshairi wa mapokeo huzifuata hadi leo.

Vina navyo vinatofautiana. Kina cha Kiswahili ni silabi ya mwisho, iwe na mkazo au isiwe nao, na kwa kweli huwa haina. Someni na shani zina kina kimoja, -ni. Mwitaliano angekataa, kwa kuwa urari wake huanza kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea mpaka mwisho. Kwake vedére huenda na temére, scrívere huenda na vívere, lakini vedére na scrívere hazipatani ingawa zote zinaishia kwa -ere. Mitelezo hiyo ilipewa hata rangi ya hisia. Katika opera ya Francesco Cavalli iitwayo Giasone, iliyoonyeshwa Venezia mwaka 1649, Medea anawaita mizimu kwa mistari mifupi inayoishia kwa sdrucciola, na mtindo huo ukawa alama ya uchawi jukwaani. Sisi hatuna rangi hiyo kwenye kisanduku chetu. Tunacho kina cha kati, ambacho wao hawakukifanya sheria.

Nimekuwa nikisema “Kiswahili” kana kwamba ni kimoja, na Kiitaliano nimekipa hata Napoli yake. Haki itendeke. Kusini mwa pwani ya Somalia uko mji wa Barawa, ambao wenyewe huuita Miini, katika nchi iliyotawaliwa na Italia na kisha kusimamiwa nayo kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1950 hadi 1960. Wenyeji wake huzungumza Chimiini, ambacho wengine hukihesabu lahaja ya kaskazini kabisa ya Kiswahili na wengine lugha iliyo jirani nacho sana. Mohammad Imam Abasheikh, mzawa wa lugha hiyo, na Charles Kisseberth wa Marekani waliichunguza kwa miaka mingi. Walionyesha kwamba katika njeo iliyopita na iliyopo, vitenzi vya nafsi ya kwanza na ya pili huwa na mkazo mwishoni kabisa, na vya nafsi ya tatu huwa nao silabi ya pili toka mwisho. Jiilé ni “ulikula”. Jíile ni “alikula”. Kiambishi cha kutenganisha wewe na yeye hakisikiki pale. Mkazo ndio uliobaki kuwatenganisha.

Jambo hili halikutoka kwa Waitaliano. Ni mali ya Chimiini chenyewe. Lakini linafanya kazi ileile ya parlo na parlò. Kiitaliano nacho kilifika hapo kwa kupoteza silabi, maana ile ò ya parlò ni masalio ya mwisho mrefu zaidi wa Kilatini uliominywa. Vita vya Somalia viliwatawanya watu wa Barawa hadi Mombasa, Uingereza na Marekani, na baadhi yao wanaishi leo kati ya watu wanaosema Kiswahili cha kawaida, wasiojua kwamba jirani yao hutumia mkazo kama Mwitaliano.

Vitabu vyetu vya sarufi vya shule na vyuo husema kwa ufupi kwamba mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili toka mwisho. Toleo lijalo liongeze neno moja: sanifu. Na chini yake mwandishi atie jiilé na jíile, wanafunzi wasikie.